Ng'ombe wa Kuwekesha

Nilimkuta shemeji yangu Mniko amekwisha kuvuta miiba ya lango, na ng'ombe wanaingia kwenye kitalu taratibu kama wageni walioalikwa harusini.

Kitalu hicho cha chini ya kilima ndicho roho ya ushirika wetu wa malisho hapa Kisaka. Tunachunga mifugo yetu kundi moja. Tunalisha kitalu kimoja, tunahama, na kilicholiwa tunakiacha kipumzike mpaka majani yarudi. Hiki tulikifunga tangu masika kwa ajili ya kiangazi hiki, ambapo kwingine kote pamebaki vumbi. Mlinzi wake ni mimi. Siku niliyochaguliwa Mniko alicheka mpaka akakohoa, eti mjane na majani wapi na wapi. Majani yale yakiisha kabla ya mvua, ng'ombe wetu wote wataenda mnadani mifupa mitupu, na ushirika tutauzika.

"Shikamoo, shemeji," nikasema. Adabu kwanza, matusi baadaye.

"Marahaba, Mama Gati. Ng'ombe wana njaa."

"Ng'ombe wa nani? Wako wapo kundini."

"Hawa si wangu. Ni wa watu."

Hapo ndipo tulipojiroga wenyewe. Kwetu mtu hawaweki ng'ombe wake wote zizi moja. Huwawekesha kwa rafiki na kwa shemeji, wizi au ugonjwa ukija usimalize kila kitu. Tena kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni kama kumtakia msiba. Basi ushirika ulipoandikisha mifugo, aliyewekesha alisema hana, maana hawapo kwake. Aliyewekeshwa naye akasema hana, maana si wake. Wote walisema kweli na wote walidanganya. Tukagawa majani kwa ng'ombe walioandikishwa, na wale wasio na mwenyewe walikuwa na midomo vilevile.

Nilipiga yowe. Watu wakaja mbio wakidhani ni wezi, na mimi sikuona sababu ya kuwasahihisha. Benedicto, mwenyekiti wetu, alifika akihema, fimbo mkononi.

"Mniko, mura, hawa ni wa nani?"

"Wa watu."

"Watu gani? Mwenye ng'ombe hapa aseme."

Wanaume waliangalia kilima. Wengine, nawajua, walikuwa wanaangalia ng'ombe wao wenyewe wakitafuna, lakini kusema "wangu" ni kukiri kwamba ulimdanganya mwenzako. Benedicto akachoka.

"Kama hawana mwenyewe, ni waliopotea. Nawapeleka kwa mtendaji wa kijiji."

Mniko alishtuka. "Basi ni wangu."

"Wote?"

"Wote!"

Hakuna aliyembishia. Ndipo nilipomwona yule jike mwekundu mwenye baka jeupe shavuni na pembe moja iliyoshukia jicho. Alikuwa na ndama ubavuni. Marehemu mume wangu Nchagwa alimwekesha kwa kaka yake huyu, awe wa binti yetu Gati. Tulipomaliza matanga, Mniko alikuja kwangu ameinamisha kichwa, akasema ugonjwa wa ndigana umemuua yule ng'ombe. Nikampa pole. Mimi, mwenye msiba, nilimpa pole yeye!

"Yule ni wa Nchagwa," nikasema. Sauti yangu sikuitambua.

Nilidhani ataona aibu. Mniko alitabasamu, akageukia watu na ule upole wake wa kanisani.

"Mmemsikia? Kama Mama Gati anamdai ng'ombe, hilo ni shauri la ukoo. Wazee watakaa. Na mali yenye shauri haisogezwi, mwajua mila. Itabaki palepale ilipokutwa. Kundi zima."

Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Hata Benedicto alishusha fimbo. Wazee wa ukoo wetu wakianza shauri hawana haraka. Hunywa pombe, huahirisha, humngoja mmoja aliyesafiri Kerende. Hadi watoke na uamuzi, kitalu kingekuwa kiwanja cha mpira. Mniko alijua. Alikuwa akinitazama kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe na anajua hauponyoki.

Nilimchukia. Sitaki kulipamba hilo neno. Nilimchukia kuliko ndigana, na nilimchukia zaidi kwa sababu yule jike alinigeukia, akanijua, akaja kunusa khanga yangu, na ndama wake nyuma.

Nikachukua fimbo mkononi mwa Benedicto.

"Nilikosea," nikasema kwa nguvu, wote wasikie. "Ng'ombe wa Nchagwa alikufa. Shemeji mwenyewe alinieleza, na shemeji ni mtu wa kanisa. Mimi sina ng'ombe hapa, na hakuna shauri."

Tabasamu la Mniko liliondoka.

"Mama Gati, usi..."

"Hawa ni wako wote, umesema mbele ya watu. Hawakuandikishwa. Watoe!"

Yule jike hakutaka kwenda. Nilimchapa mgongoni, mara moja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na ndama akalia. Wengine wakamfuata hadi nje, Mniko nyuma yao akila vumbi lao, na hakuna mwanaume aliyemsaidia kuswaga.

Nilirudisha miiba langoni kwa mikono yangu. Benedicto alitaka kunisaidia, nikamwambia aniache.

Jioni Gati aliniuliza yowe lile lilikuwa la nini. Nikamwambia ng'ombe wa watu waliingia kwenye majani, nikawatoa.