Mnunuzi Asiye Ndugu

"Mtu yeyote mwenye macho mawili akiona mchoro wangu, haondoki bila kuununua," Gidion alisema, akilipigapiga bomba la plastiki alilolibeba begani kama bunduki. "Hata mwenye jicho moja. Huyo ataomba tu apunguziwe nusu."

Dada yake mdogo, Irine, hakucheka. Hakuwa ametumwa kucheka. Waliingia Tarime mjini asubuhi hiyo wakitokea Nyambureti, Gidion na michoro yake ndani ya bomba, Irine na maneno ya baba yao kichwani. Mzee Tomaso aliyasema wakati wa chai, bila kuinua macho kwenye kikombe: mchoro mmoja tu ukinunuliwa na mtu asiye ndugu yao, Gidion atabaki nyumbani achore mpaka azeeke. Usiponunuliwa, kesho anaondoka na binamu yao Zablon kwenda kwenye mashimo ya dhahabu. Irine aende naye, aone kwa macho yake, arudi aseme.

Hilo la "asiye ndugu" lilikuwa na sababu. Mwaka jana mjomba wao alinunua mchoro mmoja kwa huruma, na mpaka leo unafunika mtungi wa maji.

Mashimo Gidion aliyajua. Aliwahi kwenda, akarudi na vidole vimevimba hata kijiko kinamponyoka. Kwa muda mrefu penseli ilimkataa. Alikuwa anakaa mlangoni anaitazama mikono yake kama vile ameazimwa. Mambo mengi aliyafanyia mzaha, hilo hakuwahi.

Alichora vitu visivyokuwepo. Kiboko anayeruka. Joka la vichwa viwili vinavyogombana, kimoja kinataka kwenda Mugumu, kingine Sirari. Wasichana wenye nywele za moto wakichunga mawingu kama ng'ombe. Alivitoa wapi, hakuna aliyejua. Kitu kimoja tu alikichunga: ukoo wao ni wa pundamilia, mnyama ambaye kwao ni mwiko kumdhuru, kwa hiyo katika michoro yake yote pundamilia hakuguswa hata kwato. Joka likiwa na njaa, lilikula nyumbu. Mtandaoni watu walimmwagia mioyo na sifa, tena watu wa nchi asizozijua. Mmoja tu ndiye aliyesema atanunua, naye alitaka kwanza atumiwe hela.

Wakaanzia Bomani, kwa Vincent wa steshenari, anayechapa kalenda za mji mzima.

"Huyu mnyama anaitwaje?" Vincent aliuliza.

"Hana jina, kaka. Ni wa kufikirika."

"Wateja wangu wanataka twiga, kanisa na mbunge. Nikiwawekea huyu Januari, Februari hawataifungua kwa woga."

Scholastica wa saluni alizipenda nywele za moto. Aliwaita wenzake, wakapiga nazo picha, wakamshika Gidion shavu. Kisha akauliza, "Nzuri mdogo wangu, ila zinasukwaje?" Kwenye duka la vitu vya watalii walitaka simba na jua linazama, basi. Mtalii, walimwambia, hapandi ndege kuja kuangalia kisichokuwepo. Wenye duka la vitabu vya shule hawakumwacha hata afungue bomba.

Mchana ulipopinda, utani ulikuwa umemkauka Gidion mdomoni. Alianza kuwasimamisha watu barabarani. Alimfuata dereva wa bodaboda mpaka akawasha pikipiki na kumwachia vumbi. Alimbembeleza mama wa mahindi ya kuchoma achukue mchoro mmoja kwa hindi moja, mama akamwambia mahindi yamebaki machache.

"Tuseme tu yule mama amenunua," alimwambia Irine. "Nani atajua?"

"Mimi," Irine alisema.

Mama huyohuyo ndiye aliyewaelekeza, labda ili waondoke mbele ya jiko lake. Kuna mzee anaitwa Machage, kafungua gesti mpya pale nyuma, kuta zake ziko tupu. Irine alikuwa ameagizwa sabuni na mama yao. "Tangulia," alisema, "nitakukuta hukohuko."

Mzee Machage alikuwa amekaa mapokezi, chini ya ukuta uliokuwa bado unanuka rangi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Unauza bomba?"

Gidion akafungua. Joka la vichwa viwili likamfanya mzee acheke mpaka kiti kikalia. "Hiki kichwa kinachopayuka ni mke wangu," alisema. "Hili nachukua. Nionyeshe kubwa kuliko hili, nijaze ukuta."

Gidion akaingiza mkono ndani ya bomba. Akautoa ule aliouchora kwa miezi, bora kuliko yote: chui mwenye mabawa, mkuki wa kijana shujaa umezama ubavuni mwake, na kila tone la damu linageuka nyota.

Kicheko cha mzee kikakatika. Akavua kofia.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mzee."

"Sisi ni watu wa chui. Babu yangu akikuta nyayo zake njiani alizisalimia. Wewe unaniletea amechomwa mkuki, niamke kila siku namtazama anakufa?"

Gidion akautazama ule mkuki. Miaka yote alimlinda pundamilia wa kwao. Wanyama wa wenzake hakuwahi kuwawaza.

"Kunja," mzee alisema. "Na hilo joka lako pia. Toka."

Gidion aliviona vidole vyake juu ya karatasi ya manila, vyembamba, vizima. Mdomo ukamtangulia.

"Hajafa, mzee. Mkuki unachomolewa huo. Huyu kijana ndiye anayemponya." Akameza mate. "Na mimi ni wa chui. Baba ni mtu wa huku, alihamia tu Nyambureti. Mgeni angethubutu kumchora?"

Mzee Machage akainama juu ya mchoro, akaufuata mkuki kwa kidole. Kisha uso wake wote ukalegea.

"Kumbe mtoto wetu." Akainuka, akamkumbatia, akaagiza soda. Michoro yote miwili inabaki, alisema. Hawezi kumwacha mtoto wa nyumbani azunguke mjini na bomba kama fundi asiye na kazi. "Na usiniite mzee. Mimi ni baba yako mkubwa."

"Asante, baba mkubwa," Gidion alisema. Ilikuwa tamu, akarudia. "Asante sana, baba mkubwa. Nyumbani watafurahi, baba mkubwa."

Alipogeuka kuichukua soda, Irine alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa sabuni. Uso wake ulionyesha hakufika sasa hivi.

"Huyu nani?" mzee aliuliza.

"Mdogo wangu."

"Binti yetu, karibu! Nimenunua michoro ya kaka yako. Mbona mmekaa kimya huko Nyambureti, hamji kutusalimia ndugu zenu?"

Gidion alimkonyeza Irine. Halafu jicho likaganda, maana ndipo alipolisikia neno lile, *ndugu*, likitoka kwenye mdomo wa mnunuzi wake. Akilikubali, kesho ni mashimo. Akilikana, chui anarudi kwenye bomba, na kesho ni mashimo.

"Shikamoo mzee," Irine alisema.

"Marahaba. Baba mkubwa, siyo mzee."

Irine aliuweka mfuko chini taratibu. "Kabla sijakuita hivyo naomba niulize, kwa sababu nyumbani nitaulizwa. Wewe ni ndugu yetu kweli?"

Mzee Machage akacheka, akamgeukia Gidion. "Mjibu mdogo wako, mura."

Gidion alifungua mdomo. Wote wawili wakamsubiri.