Fundi wa Hekalu na Dirisha la Saba

Mvua ya mwezi wa Machi mwaka 1997 ilinyesha Maskati siku mbili mfululizo, ikaangusha ukuta wa uani kwa Bi Mastura, mtaa wa Hamriya, upande wa banda la kuku. Jumatatu asubuhi, baada ya kumaliza nyiradi zake, alivaa baibui akatoka mpaka kwenye mzunguko wa barabara, pale ambapo mafundi huchuchumaa na ndoo zao wakingoja kazi.

Walikuwapo kama ishirini. Bi Mastura aliwatazama mmoja mmoja bila ya haraka, kwani alikuwa mjane mwaka wa saba na alikwishajifunza kutazama. Akamchagua wa mwisho. Huyo hakuwa na ndoo wala mwiko. Alikuwa mrefu, hata taa ya barabarani ilimfika begani, na miguu yake ilikuwa ya punda, lakini ilikuwa safi, imesuguliwa mpaka chini ya kwato. Wenziwe wote walikuwa na matope.

"Unajua kujenga ukuta?" alimuuliza.

"Nnajua, Bi Mkubwa."

"Umeshajenga wapi?"

"Nimejenga hekalu la Nabii Suleiman."

"Alayhi salaam," akasema Bi Mastura. "Na kuta fupi je?"

"Fupi sijapata kujaribu. Lakini nitakwenda polepole."

Kabla ya adhuhuri ukuta ulikuwa umesimama. Haukutiwa saruji hata kijiko kimoja, na mawe yalikaa sawasawa hivi kwamba Bi Mastura alipojaribu kupenyeza sindano baina yao, sindano ilikataa. Kuku wakarudi bandani. Bi Mastura akampakulia fundi wali kwa papa, naye akala kwa adabu, amekaa chini na bado kichwa chake kiko sawa na dari ya jiko. Alipomaliza aliosha mikono, akashukuru, akaanza ukuta wa pili.

"Imetosha, baba," akasema Bi Mastura.

Fundi akaweka jiwe.

"Nimesema imetosha."

"Nimesikia, Bi Mkubwa. Ila siwezi kuacha kwa neno lako. Wewe siye kafili wangu."

Maskati kila mtu anajua kafili ni nani. Ni yule aliyekuweka kazini kwa dhamana yake, na bila ya barua yake ya kukuachia huendi popote. Kafili wa fundi huyu alikuwa Nabii Suleiman mwenyewe. Kisa kinajulikana na kila aliyepita chuo cha Kurani: Nabii alifariki hali amesimama, ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea kufanya kazi wakidhani anawatazama, mpaka mchwa walipoila fimbo na yeye akaanguka. Siku hiyo majini wote walitupa zana wakatawanyika. Huyu peke yake hakuwapo. Alikuwa ametumwa jiwe la mbali, na aliporudi na jiwe lake begani alikuta pametulia.

"Sikuambiwa niache," alieleza. "Barua sina. Tangu hapo kila nikiona ukuta umeanguka nnaujenga, na ukisimama nnajenga mwengine. Mke wangu yuko chini ya bahari, upande wa pili wa Sokotra. Nilipotoka aliniambia nisichelewe."

Bi Mastura alimfahamu. Yeye mwenyewe, alipofariki mumewe Bwana Saud, alikaa eda yake ikamalizika, na bado aliendelea kupima vikombe viwili vya mchele kwa mwaka mzima. Wala hakuwa jini.

Kufika Ijumaa uani kulikuwa na kuta tisa, na kuku walilishwa kwa ngazi.

Ijumaa ndiyo siku aliyokuwa akija kula shemeji yake, Yaqoob, mdogo wa marehemu Bwana Saud, mwalimu mstaafu wa jiografia aliyekaa Azaiba. Yaqoob alikuwa na jambo lake moja tu duniani, nalo ni hilo hekalu la kale la Mayahudi na mahali liliposimama. Alisoma vitabu vyote vilivyofika Maskati. Kila Ijumaa baada ya kula, kwa miaka kumi na moja, alilivuta sinia katikati ya mkeka akaonyesha. Kawa la kufunikia chakula lilikuwa kilima. Birika la chai lilikuwa chemchemi, chini bondeni. Na bakuli la sukari lilikuwa hekalu, ambalo aliliweka juu kabisa ya kilima. Kwa kuwa kawa lina ncha, bakuli halikukaa, basi Yaqoob alilishika kwa mkono mmoja muda wote wa maelezo.

"Hapa," alisema siku hiyo, "juu. Wataalamu wote wameafikiana."

Fundi alikuwa ameingiza kichwa dirishani kuomba maji ya kunywa. "Si hapo," alisema.

Yaqoob akamtazama. "Huyu nani?"

"Fundi wa ukuta," akasema Bi Mastura. "Na ndiye aliyejenga hicho unachokishika."

Fundi akapitisha mkono dirishani, akalichukua bakuli la sukari kwa vidole viwili, akaliweka chini ya kawa, ubavuni pa birika. Bakuli likakaa lenyewe. "Hapa," alisema. "Karibu na chemchemi. Kule juu tulikuwa tukianika nguo."

"Haiwezekani! Wewe umesoma wapi?"

"Sikusoma, bwana. Nilichukua mawe."

"Basi!" Yaqoob aliinua mikono kama mtu aliyeshinda kesi. "Shemeji, unamsikia? Hakusoma."

"Watu walikuwa wakichinja pale asubuhi na jioni," akasema fundi kwa upole. "Ng'ombe, kondoo, mbuzi. Sasa bwana, uchinje mifugo yote hiyo juu ya kilima kikavu, damu utaioshea nini?"

Hapo Bi Mastura hakuhitaji kitabu. Mwaka mmoja wa Idi Bwana Saud alishika shauri lake akachinja mbuzi juu ya dari ya nyumba, na yeye ndiye aliyepandisha maji, ndoo kumi na nne, na dari ikanuka mpaka mwezi uliofuata, Mfunguo Nne. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomgusa zaidi, akaliuliza.

"Na msikiti wetu Waislamu ulioko juu ya kilima kile?"

"Msikiti uko pale pale ulipo, Bi Mkubwa, hauna ugomvi na mimi. Mimi nnasema habari ya mawe yangu tu."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mastura, na akawatilia chai.

Yaqoob alilirudisha bakuli juu ya kawa, akalishika.

Jumamosi, ofisi zilipofunguliwa, Bi Mastura alimchukua fundi kwa teksi mpaka ofisi ya kazi, Ruwi. Fundi alikaa nyuma, magoti yamemfika masikioni. Walipofika walielekezwa dirisha la saba, la wafanyakazi wasio binadamu. Lilikuwa na foleni fupi kuliko mengine yote: mbele yao alikuwapo mmoja tu, ambaye hakuonekana, lakini karani alikuwa akimsemesha na kumgongea muhuri.

Karani alikuwa Aflah, mtoto wa shoga yake Nasriya, mtu mzima sasa, ana masharubu na kitambi.

"Khala Mastura! Karibu. Mama anakusalimu, anasema umemtupa."

"Mwambie yeye ndiye aliyehamia Qurum. Kule huwezi kwenda bila ya gari, na mimi gari sina. Mwanangu, huyu fundi anataka barua ya kuachiwa."

Aflah akatoa fomu. Jina la mfanyakazi aliliruka, kwa sababu halikutamkika kwa meno ya kibinadamu. Jina la kafili aliliandika kwa mkono mzuri, akaongeza alayhi salaam, na penye "Hali yake" akaandika "Marehemu". Kisha akauliza, "Mahali pa kazi?"

"Bondeni, karibu na chemchemi."

Aflah akafungua kijitabu, akafuata mstari kwa kidole. "Hapa pameandikwa juu ya kilima."

"Pameandikwa vibaya."

"Inawezekana. Lakini fomu na kitabu lazima visemezane, baba, la sivyo siwezi kugonga muhuri. Wewe sema kilimani, nami nakupa barua sasa hivi, leo ukalale kwa mkeo."

Bi Mastura akainuka kwa ncha za vidole, akamvuta fundi mkono. "Baba, sema tu. Juu, chini, hekalu lenyewe halipo tena. Mwanamke anakungoja."

Fundi alitaka. Bi Mastura aliliona hilo, macho yake yalikuwa yamelowa. Akafungua kinywa aseme kilimani, na badala ya neno yakatoka maji, maji baridi matamu ya chemchemi, kiasi cha nusu ndoo, yakaingia dirishani mwote, yakalowesha fomu.

Aflah akachukua tambara akapangusa meza. "Kala kiapo cha kutosema uwongo, huyu," alisema. "Wenye viapo wote ndivyo walivyo. Wiki iliyopita mmoja alitoa vyura." Akafikiri kidogo. "Kuna njia moja. Raia mwenye karatasi zilizo sahihi akishuhudia kwamba huyu hasemi uwongo, naweza kuubadilisha ule mstari wa kitabu."

"Nnashuhudia mimi," akasema Bi Mastura, mkono umeshapanda.

"Nipe kitambulisho, khala." Aflah akakisoma. "Mastura binti Mahfoudh. Umezaliwa Falaj al-Sidr. Ni kweli?"

Ilikuwa ni kuitika tu. Bi Mastura aliwahi kuitika hivyo mara moja, mwaka 1975, walipokuwa wageni Maskati, na karani wa siku hizo akawaambia kwamba Unguja haimo katika fomu. Bwana Saud akamnong'oneza aseme Falaj al-Sidr, kijiji cha huko ndani ya nchi walikotoka mababu wa mababu. Akasema. Hakupata kukiona kijiji hicho hata kwa picha. Kila alipokitazama kitambulisho aliona kama anachungulia nyumba ya mtu mwengine. Neno moja sasa, na jini angekwenda kwao. Lakini mkono ulikuwa juu, na aliyefanywa shahidi ni Mungu.

"Si kweli," alisema. "Mimi nimezaliwa Malindi, Unguja."

Aflah akaweka kalamu chini. "Khala, kwa nini umesema?"

"Umeniuliza."

"Basi karatasi zako si sahihi, na ushahidi wako haufai."

"Mama yako Nasriya na mimi tulizaliwa kichochoro kimoja. Kitambulisho chake kinasemaje?"

Aflah akatazama kulia na kushoto. "Falaj al-Sidr."

"Na shemeji yangu Yaqoob?"

"Falaj al-Sidr."

"Kijiji kikubwa hicho," akasema Bi Mastura.

"Cha kwako kinaweza kusahihishwa," akasema Aflah kwa huruma, maana hakuwa mtu mbaya. "Leta mtu aliyekuwapo ulipozaliwa."

"Mkunga keshakufa. Mama keshakufa."

"Mimi nilikuwapo," akasema fundi.

Wote wawili wakamtazama.

"Mwaka arobaini na moja, Malindi, nyumba yenye mlango wa kijani. Ukuta wa jirani ulianguka, nikawa naujenga. Mtoto alilia siku tatu, hanyamazi, mpaka mkunga akatwanga kinu kitupu ukumbini. Hapo akanyamaza." Akamtazama Bi Mastura. "Sikujua kuwa ni wewe. Umekua."

Kinywa cha fundi kilikuwa kikavu kabisa, bila ya tone la maji. Kisa cha kinu mama yake Bi Mastura alikuwa akikisimulia kila Idi.

"Andika, mwanangu," akasema Bi Mastura.

Aflah akaugeuza mkono mmoja, kisha wa pili, kama anayetafuta kitu alichokishika. "Huyu shahidi karatasi zake hazijawa sahihi. Zitakuwa sahihi ukishuhudia wewe. Na wewe utafaa kushuhudia ukishashuhudiwa na yeye." Akachukua fomu mbili, akazifunga pamoja kwa uzi, akazigonga muhuri wa RUDINI, akaziweka juu ya kabati. Huko juu ya kabati tayari zilikuwapo nyingi, na nyingine zimeota majani. "Msalimieni mama mkipita Qurum," alisema, kisha akakumbuka kwamba gari hawana.

Walirudi Hamriya kwa teksi. Walipokaribia mzunguko wa barabara Bi Mastura akasema, "Ukuta wa msikiti wa mtaa wa nyuma una ufa. Kajenge huko mchana, uani kwangu uwe unakuja kula. Kuku wananilalamikia."

"Vyema, Bi Mkubwa."

Jioni ile alipima vikombe viwili vya mchele, kisha akaongeza vitano, kwa kuwa fundi alikuwa mkubwa.

Ijumaa Yaqoob akaja kama kawaida yake. Walikula pamoja, fundi akiwa nje, kichwa chake kimo dirishani. Baada ya kula Yaqoob akalivuta sinia, akaliweka kawa, akaliweka birika, akalipandisha bakuli la sukari juu ya ncha na kulishika. Akamweleza fundi, pole pole kama anavyoelezwa mwanafunzi mzito, ni wapi hasa fundi alijenga. Fundi alisikiliza kwa adabu. Yaqoob alipochoka mkono akaubadilisha, na katika kubadilisha fundi akaliteremsha bakuli ubavuni pa birika, likakaa. Yaqoob akalipandisha tena.

"Wataalamu wote, bwana," alisema. "Wote." Kisha, ili kubadilisha mazungumzo, kwani alikuwa mgeni mwenye adabu, akamgeukia shemeji yake. "Na tende za kwetu Falaj al-Sidr, Bi Mastura, nasikia mwaka huu zimekuja vizuri. Au vipi?"

Kwa miaka ishirini na mbili jawabu ya suali hilo ilikuwa moja, nayo ni kwamba tende ni tamu. Bi Mastura akafungua kinywa kuitoa. Yakatoka maji, ya chumvi, yana mchanga kidogo na harufu ya pwani ya Malindi, yakajaza kikombe chake cha kahawa na kumwagikia mkekani.

Fundi akampa tambara kutoka dirishani. Bi Mastura akapangusa mkeka.

"Mvua nyingi mwaka huu," akasema Yaqoob, na akalishika bakuli vizuri zaidi lisianguke.