Moyo Ulioonja Mapumziko

Daktari aliirudia karatasi ya mashine ya kupimia moyo mara mbili, kisha akamwambia Dobi kwamba moyo wake ulikwenda sawasawa saa ishirini na nne zote alizoivaa. Haukuruka wala haukukimbia.

Dobi hakufurahi. Mwaka mzima moyo huo ulikuwa ukikurupuka kifuani kama kuku aliyefungwa miguu, na bila ushahidi wa mashine hapewi dawa. Foleni ya kuivaa tena ilikuwa ya miezi mitatu.

"Siku hiyo ulifanya nini, mama?"

"Nililala."

Daktari akaweka kalamu chini. "Si tulikwambia uishi kama kawaida?"

"Mliniambia pia nisiiloweshe. Kawaida yangu mimi ni maji, mwanangu."

Na kweli. Tangu alfajiri hadi jioni alifua mashuka ya nyumba ya wageni, maji yakimfika viwikoni. Kwa kuogopa kuharibu mali ya watu, aliomba ruhusa, akakosa ujira wa siku, akajilaza. Wifi yake, mfuaji mwenzake, aliporudi jioni alimtania kwamba siku hizi nyumbani wana bibi harusi. Moyo nao, bila haya, ukaonja mapumziko ukatulia kama mkwe ugenini.

Daktari, macho mekundu kwa uchovu, alipekua daftari lake. Mgonjwa aliyepangiwa kuivaa mashine leo hakutokea. Akamfunga Dobi nyaya upya, akamsihi jambo moja tu: asilale.

Kazini wakabadilishana, wifi akabaki kwenye karai, Dobi akawa wa kupandisha mashuka yaliyokamuliwa hadi darini kuyaanika. Ghorofa tatu, beseni kichwani, mashine kavu chini ya blauzi. Safari ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Akaanza kuuchukia moyo wake kwa unafiki.

Safari ya nne, ngazi za mwisho, ukakurupuka. Alitua beseni, akaketi, macho yakiona vumbi la nyota. Siku nyingine angejishika kifua na kuubembeleza unyamaze.

"Sema," akaunong'oneza. "Sema yote, leo kuna anayeandika."

Kutoka chini wifi aliita, kuna nini huko?

"Niache kidogo, wifi. Moyo unatoa ushahidi."

Alikaa hapo mpaka ukachoka wenyewe. Kisha, kwa kuwa mashuka hayana miguu, akajitwisha beseni akaendelea kupanda.