Mwonjaji Aliyewekewa Msumari Kwenye Chai

Ulimi wake ndio uliomlisha. Kiwandani walimwita Mzee Ulimi, maana alivuta kijiko kimoja tu cha chai, fyuu, akakitema ndooni, kisha akakwambia majani yalichumwa mteremko gani na kama mchumaji aliamka amenuna. Hilo la mwisho hakuna aliyethubutu kulibishia.

Sasa wiki nzima kila kikombe kilikuwa na ladha ya msumari, na kilimchoma, hivyo akawa anapitisha chai kwa kubahatisha. Mkuu wa kiwanda alishaanza kuuliza kwa nini anapitisha chai mbovu.

Kuna mtu ananichezea, aliwaza. Na mtu mwenyewe hakuwa mbali: mwonjaji mwenzake wa meza ya pili, mama mmoja ambaye wote walimwita Shangazi.

Asubuhi hiyo akajibanza nyuma ya makasha, akamchungulia akipanga vikombe. Aliona birika, aliona kitambaa. Sabuni hakuiona, wala unga wowote wa kuharibia chai. Basi ndiyo akazidi kushuku: mjanja huyu!

Akachomoka. "Kunywa hicho changu! Na usiteme!"

Shangazi akanywa mpaka tone la mwisho. "Chai safi, kaka. Umelalaje?"

"Umeshaizoea sumu yako."

"Hebu toa ulimi."

"Ili iweje?"

"Toa bwana, siung'oi!"

Akautoa. Shangazi akamvuta dirishani, na mzaha ukamwisha. Ulimi na ndani ya mashavu vilitapakaa utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Akaugusa kwa kitambaa safi. Ukabanduka, chini pakabaki pekundu, pakitoka damu.

"Kaka, vile vidonge unavyovimeza kwa kujificha ni vya nini? Usiniambie tena ni vya kidole tumbo, kama ulivyodai juzi."

Akanywea. "Figo. Dada yangu alinipa yake. Vidonge vinashusha kinga, mwili usiikatae. Mkuu akijua mimi mgonjwa, meza sina."

"Na akijua unaonja kwa ulimi huo? Nenda kliniki sasa hivi!"

Daktari alimulika kinywa, akachukua sampuli. "Fangasi. Kinga ikishuka, wanatamba. Nitakupa dawa, ila vidonge vya figo usiache."

"Na ulimi?"

"Utapona. Mpaka hapo usiuamini."

Alitoka nje, akazungukazunguka, mwishowe akampigia mkuu, akamweleza yote, figo na fangasi. "Chai ya wiki hii Shangazi aionje upya," alimalizia kwa shida. "Ila kwenye meza yangu asikae."