Kisigino cha Fakhrudin

"Kisigino, Fakhrudin! Kisigino!"

Ala! Fakhrudin alihisi damu ikimpanda kichwani. Tangu asubuhi ni kisigino, jana kiwiko, juzi bega. Ratilal, nahodha wa timu ya wenye maduka wa Kanyenye, alikuwa na dawa ya kila kiungo cha mwili. Eti aliwahi kutazama kriketi kwao Rajkot akiwa kijana. Kutazama tu, jamani! Yeye mwenyewe hajawahi kuangusha hata debe.

Na debe ndilo lililomlea Fakhrudin. Alikulia kwenye kichochoro nyuma ya duka la mama yake, Dolatbai, akilenga debe tupu la mafuta ya taa kwa mpira wa matambara. Hakuna aliyemwambia mguu uwekwe wapi. Akilitazama debe, mkono wenyewe ulijua. Halafu akaja Ratilal na mafunzo yake, na sasa kila akikimbia kurusha, kichwa kinamhoji kama karani wa boma. Mpira ukawa unakwenda kokote isipokuwa kwenye vile vijiti vitatu vya kulengwa nyuma ya mpigaji.

Leo walicheza na watu wa reli. Ratilal alikuwa amemwambia mbele ya wenzake wote: "Ukituangusha leo, mpira huu hutaushika tena." Haya, sasa watu wa reli wanataka mbio mbili tu, yaani alama mbili, washinde, na amesimama mpigaji wao wa mwisho, mzungu mrefu mwenye masharubu. Vijiti vyake vikianguka, mchezo umekwisha. Lakini mpira uliopita alikuwa ameuchapa hadi barabarani.

Ratilal akaja mbio juu ya mkeka wa makumbi wanaochezea, akainama, akamshika Fakhrudin mguu, akaugeuza kwa mikono miwili kama anayekagua kwato za punda. Watazamaji wakaangua kicheko. Hata yule mzungu alicheka.

"Ratilalbhai, niachie mguu wangu."

"Nikuachie utupoteze? Fikiri, kijana! Kwanza kisigino, halafu..."

"Ratilal!" Ni Dolatbai huyo, amesimama kando ya birika la chai. "Huyo ni mwanangu, si cherehani! Mwache!"

Fakhrudin akauchomoa mguu. Hasira iliyomchoma zaidi ilikuwa juu ya nafsi yake. Miezi yote hii anamsikiliza nani? Maneno matupu hayavunji mfupa, wala hayaangushi vijiti!

Akakimbia. Kichwa kikaanza: kisigino...

"Nyamaza!" akakikaripia kwa sauti.

Hakuutazama mguu. Alikitazama kijiti cha katikati, na mpira ukamtoka mkononi hata hajui umetokaje. Ukadunda mkekani, ukapenya chini ya gongo la mzungu, na vijiti vikaruka huku na huku.

Kanyenye nzima ikalipuka. Wa kwanza kumfikia alikuwa Ratilal, mikono wazi, akiwageukia watazamaji: "Mmeona? Si nilimwambia kisigino!"

Fakhrudin akaisukuma ile mikono.

"Nilikisahau kisigino chako. Nilikusahau na wewe. Ndiyo maana tumeshinda."

Ratilal akawatazama wachezaji wake, mmoja mmoja, akitafuta wa kumtetea. Wote walikuwa wanatazama chini.

"Jumapili utaanza wewe kurusha," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Nitaanza," Fakhrudin alisema, bado amefura. "Na wewe utasimama kule mbali, karibu na barabara, ambako sikusikii."

Jumapili, Ratilal alisimama kule.