Uhusiano Wako na Marehemu

Hati ya kiwanja ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, kabatini, chini ya kanzu za Idi za baba yake. Zabibu aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa kitandani akaisoma tena. Kiwanja walipoishi tangu yeye azaliwe, pale mjini Nyeri, kilikuwa cha mtu aitwaye Mutahi Ngugi. Baba yake, waliyemzika mwezi uliotangulia, aliitwa Abdulkadir Ngugi.

Mama yake alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na Zabibu hakuwa na ndugu. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Siku tatu nzima, huku akishona sare za shule kwenye cherehani yake, aliwaza kwamba labda wamekaa miaka yote kwenye nyumba ya mtu.

Alipoenda kwa kadhi kufungua mirathi, karani alizitazama zile karatasi mbili, hati na cheti cha kifo, akazilaza sambamba mezani.

"Baba alisilimu?" akauliza.

"Alisilimu kabla sijazaliwa. Jina la zamani hakuwahi kunitajia."

"Basi tuletee kitu kinachoonyesha kwamba Mutahi na Abdulkadir ni mtu mmoja. Na uende masjala ya korti kuu hapo, uangalie kama kuna mtu ameshafungua mirathi kwa hilo jina la Mutahi."

"Nani angefungua, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee?"

"Ndiyo sababu tunaangalia, dada."

Masjala ilikuwa na dirisha dogo, na nyuma ya dirisha alikuwepo karani mmoja mwenye sweta ya kijani, aliyeitwa Theuri. Alikuwa mpole, lakini maswali yake yalikuja kwa mpango ambao Zabibu hakuuelewa.

"Uko na nambari ya kesi?"

"Sina. Sijui hata kama kuna kesi."

"Sawa. Marehemu alikufa mwaka gani?"

"Mwezi uliopita."

Theuri akabofya kompyuta yake, akatikisa kichwa. "Hakuna. Lakini hiyo si kitu. Faili hapa inafuata mwaka kesi ilifunguliwa, si mwaka mtu alikufa. Wengine hukaa miaka ishirini kabla ya kuja. Wacha nitafute jina peke yake." Akangoja kidogo. "Niko na Mutahi Ngugi watatu. Mmoja wa Othaya, mmoja wa Mukurwe-ini, mmoja wa Endarasha. Wako alikuwa wa wapi?"

"Wa hapa mjini."

"Hakuna mtu wa hapa mjini, mama. Kila mtu ametoka mahali."

Zabibu alitoa nakala ya kitambulisho cha baba yake, akaigeuza upande wa nyuma. Lokesheni: Endarasha. Alikuwa ameliona neno hilo mara nyingi bila kulitilia maanani. Baba yake hakuwahi kumpeleka huko. Aliwahi kusema tu kwamba kule kuna baridi.

"Huyu wa Endarasha," Theuri akasema, "kesi yake ilifunguliwa 1993."

"Basi si yeye. Mwaka huo nilikuwa na miaka mitatu, na yeye ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni."

"Inawezekana si yeye. Lakini huwezi kusema si yeye kama hujaona faili." Akampa karatasi tupu kupitia dirishani. "Andika barua ya kuomba kuisoma. Weka jina la marehemu, nambari hii nimekuandikia hapa, mwaka, jina lako, uhusiano wako na marehemu, na sababu. Ulipie, urudi Alhamisi. Hizi za zamani ziko stoo."

Zabibu aliandika mpaka mahali pa uhusiano, kalamu ikasimama. Akiandika "binti", atakuwa amekubali kwamba marehemu wa 1993 ni baba yake. Akiandika kingine, wataiachaje faili mkononi mwa mtu asiyehusika?

"Niandike nini?" akauliza.

"Andika vile unajua."

"Sijui."

Theuri akafikiri. "Basi andika binti, halafu uweke alama ya kuuliza."

Aliandika hivyo, na alama ya kuuliza akaiweka ndogo.

Alhamisi faili ilikuwa mezani, imefungwa kwa uzi, imechakaa pembeni. Theuri alimwonyesha benchi ndani ya masjala na kumwambia asitoe karatasi hata moja. Zabibu alianza na ukurasa wa juu, akaona haelewi, akaanza tena kutoka chini.

Aliyefungua kesi alikuwa mwanamke aitwaye Watiri, mama wa marehemu. Aliapa kwamba mwanawe Mutahi aliondoka Endarasha mwaka 1983 kwenda kuvuna mpunga Mwea, na tangu hapo hakuonekana wala kusikika. Korti ilikubali kwamba kwa kuwa miaka saba inayotakiwa na sheria ilikuwa imepita, ahesabiwe amekufa. Hakuacha mke. Hakuacha mtoto. Shamba lake la ekari mbili, alilogawiwa na baba yake, liende kwa mama yake, na baada ya mama, kwa dada yake Nduta. Nduta alikuwa ametia sahihi, kwa mwandiko wa mtu aliyebonyeza kalamu kwa nguvu.

Nambari ya kitambulisho cha marehemu ilikuwa imepigwa chapa. Zabibu aliweka ile nakala yake kando na kusoma tarakimu moja moja, akizifuata kwa kidole. Zililingana zote. Akazisoma kinyumenyume. Zikalingana.

Hivi ndivyo alivyopata kile alichotumwa na kadhi. Mutahi na Abdulkadir walikuwa mtu mmoja, na karatasi iliyosema hivyo ilisema pia kwamba alikuwa amekwisha kufa wakati akimfundisha Zabibu kuendesha baiskeli.

Alipogeuza kurasa ili azipange kama alivyozikuta, aliona barua moja ya mkono, fupi, ya mwaka 2007. Ilikuwa barua ya kuomba kusoma faili, kama ile yake. Mwandiko aliujua kabla ya kulisoma jina. Mwombaji: Abdulkadir Ngugi. Uhusiano wako na marehemu: namfahamu. Sababu: kujua ni nani waliobaki.

"Bwana Theuri," akaita. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Baba yangu alikuja hapa."

Theuri alikuja, akasoma barua akiwa ameinama.

"Angesema tu," akasema. "Mtu akiwa hai, anakuja na kitambulisho, anaandika afidaviti, mambo inarekebishwa."

"Mbona hakusema?"

"Mimi ni wa faili tu, mama. Hiyo haiko kwa faili."

Jumamosi Zabibu alikuwa Endarasha. Aliuliza dukani ni wapi nyumbani kwa Nduta wa Watiri, akaonyeshwa mlango wa mbao uliopakwa rangi ya samawati, ng'ambo ya shamba la viazi. Nduta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye kitambaa kichwani na matope kwenye gambuti. Alimkaribisha jikoni, kwenye moto, kabla ya kumuuliza yeye ni nani. Buibui la Zabibu alilitazama mara moja tu.

Zabibu alikuwa amepanga maneno, lakini yalimtoka yote vibaya. Mwisho akatoa simu, akamwonyesha picha ya baba yake, iliyopigwa mwaka mmoja kabla ya kifo. Mzee mwenye ndevu nyeupe, amekaa mlangoni.

Nduta aliishika simu kwa mikono miwili.

"Hii picha ya baba yangu ulitoa wapi?"

"Si baba yako, shangazi. Ni baba yangu mimi."

"Huyu ni Ngugi. Hata hii kukunja mdomo. Lakini baba hakuwa na ndevu." Akaisogeza simu karibu na macho. "Na alikufa kabla hizi simu zitokee."

Zabibu aliona uso wake ukibadilika polepole, ukielewa, ukikataa, ukielewa tena.

"Ati Mutahi?" akasema.

"Alikuwa Nyeri mjini. Tangu 1989."

"Nyeri hapa? Mimi huenda Nyeri kuuza viazi! Kila wiki nilikuwa ninaenda!" Alisimama, akakaa. "Mama alilia miaka kumi. Aliniambia tia sahihi, nikatia. Niliapa ndugu yangu amekufa. Sasa mimi ni mwongo?"

"Hukujua."

"Alikuja hapa?"

"Mwaka 2007 alisoma faili. Kama alifika hapa, sijui. Hukuona mtu?"

Nduta akatazama mlangoni. "Watu wa kununua viazi huja wengi," akasema. "Siwezi kusema. Nilikuwa na watoto wanne hapa ndani, sikuwa ninaangalia watu nyuso."

"Kwa nini aliondoka?"

"Aligombana na baba. Mama alikuwa anasema ni kwa sababu ya ng'ombe. Baba alikuwa anasema si ng'ombe. Nilikuwa na miaka kumi na moja." Akachochea moto, ingawa ulikuwa unawaka vizuri. Bila kugeuka akauliza, "Umekuja kuchukua shamba?"

Zabibu angeweza kusema hapana upesi, na baadaye alijuta kwamba hakusema. Lakini ukweli ulikuwa mwingine.

"Sijui nimekuja kuchukua nini," akajibu. "Kadhi anataka mtu wa kuapa kwamba Mutahi ndiye Abdulkadir. Shamba sikulijua mpaka Alhamisi. Baba aliliona kwenye faili akaliacha kwako, na mimi sitalidai. Lakini nikikuambia ninaelewa mambo haya, nitakuwa ninakudanganya."

Nduta alimwangalia, kisha akachukua sufuria ya maziwa. Walikunywa chai. Alimuuliza kama baba yake alipenda viazi vya kuchoma, na Zabibu akasema hakuvila kabisa, na hilo likamchanganya Nduta kuliko yote waliyokwisha kuzungumza.

Wiki mbili baadaye Nduta alishuka mjini akiwa na koti lake la kanisani. Aliapa mbele ya wakili kwamba mtu wa kwenye picha ni ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Wakili aliwaambia kwamba ile amri ya zamani ni ya jaji kuamua, na wasitarajie jibu karibuni. Theuri alipokea nakala, akaigonga muhuri. Kadhi alikubali kuanza mirathi ya kiwanja na kuiacha ya shamba kando. Mambo yakawa nusu yameisha na nusu hayajaisha, na kila karani aliyeulizwa alitaja mlango mwingine.

Walipotoka, Nduta akasema, "Nipeleke mahali amelala."

Makaburini aliuliza kama anaruhusiwa kuingia, kama avue viatu, kama aombe kwa jina la Yesu au akae kimya. Zabibu alimwambia hakuna atakayemkataza. Kaburi lilikuwa tuta la udongo lenye kibao kidogo. Nduta alisimama kando yake, akafunga vifungo vya koti, kisha akaanza kusema kwa Kikuyu, taratibu mwanzoni, halafu kwa haraka na kwa hasira, akinyoosha kidole kuelekea chini.

Zabibu alijua Kikuyu cha sokoni, cha bei na salamu. Alishika neno la mama, akashika neno la miaka. Mengine yalimpita, naye hakumkatiza kumuuliza.