Godoro la Mama Jokébed

Vumbi la Mulekera, mtaa wa mji wa Beni, huamka kabla ya watu. Pikipiki ya kwanza ikipita tu, linainuka jekundu, linaingia nyumbani bila hodi, linakaa juu ya kabati, juu ya meza, juu ya nyusi za mtu mzima ambaye hakupata usingizi. Asubuhi ile lilimkuta Mama Jokébed ukingoni mwa kitanda chake, viganja viwili juu ya godoro, kama mtu anayezuia mlango.

Siku ya kuhama ilikuwa imefika. Mwanawe Urbain alikuja Beni na lori ili ampeleke Butembo, akakae naye, kwani mjane hawezi kuendelea kulala peke yake mahali ambapo kila mlio wa usiku una maana. Kuhama si aibu. Nyuki huhama. Mto huhama. Aibu ilikuwa chini ya viganja vyake.

Tangu mvua zilizopita, mwili wake ulianza kumsaliti usingizini. Hakumwambia mtu. Alifua alfajiri, akaanika mashuka ndani, akaligeuza godoro, akaligeuza tena, mpaka godoro likakosa upande wa kugeuzia. Yeye! Yeye aliyefundisha wasichana wa kanisa namna ya kutandika kitanda cha mgeni. Yeye ambaye akipita na kikwembe chake, kitenge kilichopigwa pasi, watu husema, huyo ndiye mama.

Mpango wake ulikuwa mdogo: alifunge godoro kwa kikwembe, kamba juu yake, lifike Butembo limefungwa, kisha Mungu atajua. Lakini bamama wa kanisa walifika mapema, wakiimba, kwa kuwa kwao hakuna anayehama peke yake. Lori lilibaki barabarani, kijia hakikuliruhusu kuingia. Kwa hiyo kila mama alitwaa kitu akakibeba kichwani: huyu sufuria, huyu viti, huyu picha ya marehemu mume. Nyumba ikawa inatoka nje kwa miguu, inapita kati ya majirani, inaonekana.

"Mama, lete hicho kitanda!" mmoja wao akaita.

"Kitanda ni cha mwisho," alisema Jokébed. "Acheni. Nitabeba mwenyewe."

Na kweli, kitanda hutoka mwisho. Nyumba iliyotolewa kitanda si nyumba tena. Lakini hakuhesabu jambo moja: kinachotoka mwisho ndicho kinachosubiriwa na macho yote.

Vyumba vikawa vitupu. Sauti zikaanza kurudi kutoka ukutani. Bénite, mwimbishaji wa kwaya, mwenye ulimi mwepesi kuliko mguu, akaingia bila kuitwa. "Jokébed, we ni koko sasa, bibi ya wajukuu, hauna nguvu ya kubeba. Leta!" Akavuta upande wake wa godoro lililokwisha kufungwa. Jokébed akavuta wake. Mlangoni kamba ikalegea, kikwembe kikaanguka, na godoro likafunguka katika mwanga wa asubuhi.

Madoa yalikuwa pale. Doa juu ya doa, njano na kahawia, yenye kingo, kama nchi zinazopakana. Na harufu. Wimbo ukakatika barabarani kama uzi.

Lo, aibu! Wewe huna miguu, lakini unawahi kufika.

Ndipo Solange, mke wa Urbain, akasema haraka, bila kumtazama mama mkwe wake: "Pole bamama. Ni Sagesse. Juzi alilala na koko yake. Anakojoaka sana huyu mutoto."

Uongo laini, uongo wa huruma. Jokébed aliupokea kama mtu anayezama anavyopokea tawi. Kisha akaelewa, na uso ukamwaka moto: mjukuu wake Sagesse hakuwa amelala Beni hata siku moja, alifika asubuhi hii na lori. Kumbe Solange alijua. Amejua tangu lini? Mashuka yale yaliyoanikwa ndani, mkwe wake aliyaona alipokuja kumsalimu, akanyamaza.

"Eeh!" Bénite akacheka, akapiga makofi. "Mto Semuliki imehamia ku kitanda! Kuya hapa, mukojozi!"

Mulekera inajua mtoto anayekojoa kitandani hufanywaje. Hutwikwa mkeka wake, huzungushwa, huimbiwa, hata apate haya. Bénite akamtwika Sagesse mkeka mdogo, bamama wakarudisha makofi, nusu mchezo, nusu kweli. Wimbo ukazaliwa palepale. Mtoto wa miaka minne akazungushwa uani, mkeka ukimfunika macho.

"Si miye," alisema Sagesse. "Mama, si miye."

Solange akauma mdomo. Neno likitoka halirudi.

Jokébed akasimama mlangoni. Angeweza kunyamaza. Lori lingeondoka, Beni ingebaki nyuma na jina lake safi, kikwembe chake safi, na mtoto angesahau. Mtoto husahau? Aliuona mgongo mdogo ukitetemeka chini ya mkeka, akajua kwamba ameweka mzigo wake pale, mzigo mbichi, juu ya shingo isiyokomaa.

"Bénite. Basi, itoshe."

"Lakini tunacheza tu, mama..."

"Mutoe mukeka ku kichwa ya mutoto. Ni miye." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi airudie. "Ni miye ndiye ninakojoa. Sagesse hapana lala hapa."

Kuku mmoja akavuka ua kama hakuna lililotokea.

Jokébed akainama, akalivuta godoro bila kikwembe, akajitwika, madoa nje. "Sasa muimbe. Mulikuwa munaimbia mutoto. Muniimbie na miye."

Hakuna aliyeimba. Bénite alitazama vidole vya miguu yake. "Mama, tusamehe," alisema, na sauti yake ya kwaya haikufika mbali. Solange akaja nyuma kushika mwisho wa godoro, na mara hii Jokébed hakukataa.

Akaingia kijiani. Majirani walikuwa milangoni. Hakupata wepesi wowote, msidanganyike. Masikio yalimwaka, shingo iliuma, alitamani ardhi immeze. Sagesse alitembea mbele yake mikono mitupu, akipiga teke vumbi kwa furaha, na vumbi likainuka jekundu, likamjia bibi usoni, likamkalia kope. Hakulifuta. Mikono yake ilikuwa na kazi.